Msitu wa wagema: shajara ya mradi wangu wa mirija ya miti, Amani

14 Septemba

Haya, naanza kuandika hapa kwasababu daftari nililoanzia liliangukia kwenye ndoo ya maji na nusu ya kazi ikaenda na wino. Mradi wenyewe ni huu: nataka kutengeneza kijitabu cha picha, cha Kiswahili, kinachoonyesha mirija iliyomo ndani ya mimea inavyoendesha maisha ya wanyama wa msituni. Msitu ninaousema ni Amani, Usambara Mashariki, ndo ulio jirani yangu. Nafundisha baiolojia sekondari huku Muheza na kila mwaka naona kitu kilekile, mwanafunzi anakariri kwamba zailemu inapandisha maji na floemu inasambaza chakula, anachora duara na vidoti vyake, anapata maksi, halafu ukimuuliza sasa hii inamhusu nini mbega anakuangalia kama umemuuliza bei ya meli.

Wazo limetoka kwa mgema, sio utani. Juzi nilikuwa shambani kwa mjomba na yule mzee anayegema minazi yake akashuka na kibuyu chake, nikamwamkia, tukakaa, nikamuuliza swali ambalo sijui kwanini sikuwahi kumuuliza miaka yote: mzee, kwanini lazima upande asubuhi na jioni ukate tena karara lilelile? Akasema, "Usipoukata unaziba mwanangu. Mnazi ukiuumiza unajifunga wenyewe." Basi nikakaa kimya maana hiyo ndo floemu yote ndani ya sentensi moja. Mirija ya sukari ina presha ya kusukuma nje, ukiitoboa inavuja, na mmea unakimbilia kuiziba kwa protini na ute maalumu ili usiishiwe. Mgema na kotama yake anachofanya ni kufungua jeraha upya kila siku, kipande chembamba tu, kabla mti haujamaliza kujifunga.

Nikawaza, msituni wangapi wanaishi kwa kazi hiyohiyo? Wadudu, nyani, ndege, wote wanatafuta namna ya kuifikia ile mirija au kinachotoka ndani yake. Kwahiyo jina la kijitabu ninalo kabla sijaandika ukurasa hata mmoja, Msitu wa Wagema. Kichwa cha habari tayari, kazi bado, kawaida yangu.

21 Septemba

Leo jaribio la jikoni. Nilianza na mchicha kwenye glasi ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula, mchicha ukalala kama mgonjwa, shina halionyeshi kitu, nikapoteza saa mbili. Kisha nikakumbuka yale maua ya kivulini, impatiensi, yenye shina laini karibu la kuona ndani kama kioo, yako mengi tu kando ya mifereji na jamii yake nyingine ni za hukuhuku Usambara. Nikakata matawi matatu, nikayatia kwenye rangi, nikayaweka dirishani penye upepo, na aisee, haikuchukua muda unaona mistari myekundu inapanda ndani ya shina kama zebaki kwenye kipimajoto! Tawi la nne nililifunika na mfuko wa plastiki. Lile rangi ilipanda kwa kujivuta sana.

Hapo ndipo nataka mwanafunzi akae, kwenye ule mfuko. Maji hayasukumwi kutoka chini, yanavutwa kutoka juu. Jani linapoteza mvuke kupitia vitundu vyake, na kila tone linalotoka linavuta lililo nyuma yake maana maji yameshikana kama uzi mmoja mpaka mizizini. Wanasayansi wawili, Dixon na Joly, walilieleza hili mwaka 1894 na watu wengi hawakuamini, kweli ukilifikiria ni jambo la ajabu, mti unakunywa kwa kukauka. Ukifunika jani, uzi hauvutwi.

Kwahiyo mirija miwili ina tabia mbili zinazopingana. Ya sukari inasukuma, ukiitoboa inakutemea. Ya maji inavuta, ukiitoboa inanyonya hewa. Mnyama anayetaka kunywa humu lazima ajue yuko kwenye bomba gani, na naona kama nusu ya kijitabu iko hapo.

Pia leo nimebandua gome la tawi moja la mpera nyuma ya nyumba, pete ya upana wa vidole viwili kuzunguka tawi zima mpaka mti mweupe unaonekana. Mama kaniona, kauliza kama nimekosa kazi.

5 Oktoba

Safari ya kwanza ya mradi. Nilitoka na gari la asubuhi kutoka Muheza, limejaa mpaka mlangoni, barabara ya kupanda mlima unaijua mwenyewe kama umewahi kuipita, vuli imeanza kuchungulia na matope yake. Nikalipa kibali, nikaonana na muongozaji, kijana wa kijiji cha jirani ambaye anajua miti kwa Kisambaa, Kiswahili na kwa majina ya kisayansi, nikaona aibu na digrii yangu.

Tulianza kwa kuumwa. Njiani kwenye mpaka wa mashamba nimeshika tawi la mchungwa, kumbe kuna kiota cha majimoto, wale siafu wekundu wa juu ya miti wanaoshona majani, wakanishukia shingoni. Baada ya kuruka ruka nikaangalia walikuwa wanalinda nini, na pale kwenye mshipa wa jani chini kuna wadudu magamba wamejipanga kama vifungo vya shati, hawatembei, mdomo wao ni sindano nyembamba kuliko unywele, wameichomeka moja kwa moja kwenye mrija wa sukari. Na hawa wala hawanyonyi kwa nguvu, presha ya mmea yenyewe inawamiminia. Kuna mbinu ya maabara ya zamani, unakata mwili wa kidukari ukaacha sindano yake imechomekwa, na ule utomvu unaendelea kutoka kwenye hiyo sindano kwa masaa, ndo wanasayansi walivyopata utomvu safi wa floemu wa kupima. Kama unamfukuza mgema halafu kibuyu kinaendelea kujaa.

Tatizo la kinywaji hiki ni kwamba ni sukari tupu, protini kidogo mno. Ili mdudu apate protini ya kutosha kukua lazima anywe sukari nyingi kupita kiasi, na hiyo ya ziada anaitoa nyuma kama matone matamu. Majimoto wanakuja kuramba, na kwasababu wanapata kinywaji cha bure wanamlinda huyo mdudu dhidi ya maadui, na kwa kuwa wako pale juu wanawinda kila kinachopita, na miti yenye majimoto unakuta wadudu wengine wanaikwepa. Wakulima wa minazi wa pwani na Zanzibar wanawataka majimoto kwenye minazi yao kwasababu wanamfukuza mdudu anayenyonya nazi changa zikaanguka. Sasa fuata mnyororo huo: jeshi zima la mitini, ulinzi wake, vita vyake, vinaendeshwa na mrija wa sukari wa jani moja. Matone yanayodondoka yakikauka juu ya majani ya chini yanaota ukungu mweusi kama masizi, muongozaji akaniambia ukiona masizi kwenye jani angalia juu yako kabla hujasimama hapo. Angeniambia nusu saa kabla.

6 Oktoba

Shingo imevimba. Picha 41, zinazofaa 6.

19 Oktoba

Nimekwama wiki mbili kwenye ukurasa wa hondohondo. Nilimtaka kwenye kijitabu kwasababu Amani bila hondohondo ni nini, asubuhi unasikia mabawa yanavuma kama mtu anapuliza moto, lakini kila nikijaribu kumuunganisha na mirija naona nalazimisha. Anakula matunda, sawa, matunda yamejazwa sukari na floemu, sawa, lakini hiyo unaweza kuisema kwa kila mla matunda.

Leo nimesimama chini ya mnyasa mkubwa, una tundu juu kule labda mita 20 na kitu, mdomo wa tundu umezibwa na udongo, umebaki mwanya tu. Ndani kuna jike. Huyu hondohondo wa mashavu ya fedha anajifungia mwenyewe humo, anaziba mlango kwa udongo ambao dume anamletea, anataga, anakaa mpaka makinda yamekua, na dume muda wote ndo anamlisha kupitia ule mwanya. Moreau, yule Mwingereza aliyekuwa akiishi Amani miaka ya 1930 na kufuatilia viota hivi, hesabu zake zinazotajwa mpaka leo zinasema dume mmoja anaweza kuleta matunda kama 24,000 katika msimu mmoja wa kiota. Elfu ishirini na nne. Mimi mkate wa asubuhi tu nalalamika.

Nikamuuliza muongozaji, mti huu una shimo kubwa hivyo ndani, mbona uko hai? Akajibu kawaida tu kama anayeeleza njia ya kwenda dukani, "Mwalimu, mti unaishi kwa ngozi."

Aah! Ndo hilo nililokuwa nalitafuta. Mirija ya maji inafanya kazi ikiwa imekufa, seli zake zinakufa zikabaki mabomba matupu yenye kuta ngumu. Kila mwaka mti unaongeza mabomba mapya kwa nje, na yale ya zamani ya katikati taratibu yanaacha kazi, yanazibwa, yanakuwa kiini cha mti, cha kuushikilia usimame. Mirija ya sukari yenyewe iko kwenye gome la ndani, tabaka jembamba. Kwahiyo mnyasa wa mita 40 sehemu yake inayosafirisha kitu ni pete ya nje tu. Kuvu wakiingia kwa tawi lililovunjika wakala kiini, mti unabaki na tundu kubwa katikati na hautishiki, maji yanapanda pembeni, sukari inashuka pembeni, maisha yanaendelea. Ndani ya tundu hilo anakaa hondohondo na mlango wake wa udongo. Anakaa perere, yule pimbi wa mitini anayepiga kelele za kutisha usiku mpaka wageni wanadhani kuna mtu anachinjwa. Wanakaa popo, nyuki, komba.

Fikiria sasa kama mti ungekuwa na mshipa wake mkuu katikati kama sisi tulivyo na uti wa mgongo, tundu moja lingekuwa kifo, na msitu usingekuwa na nyumba za hawa viumbe. Mpangilio wa mabomba ndo umewapa makazi. Kwahiyo hondohondo anakaa ndani ya mabomba ya maji yaliyostaafu na analetewa chakula kilichopita kwenye mabomba ya sukari. Ukurasa umeandikika kwa dakika kumi baada ya wiki mbili za kujikuna kichwa.

(Kuna kisa cha musizi hapa pia. Ni mti wa asili ya kwingine, ulipandwa Amani enzi za Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, unakua haraka mno, na hondohondo wanapenda matunda yake wakasambaza mbegu msitu mzima mpaka ukawa kero. Yaani tunamlaumu mti kumbe msambazaji ni huyuhuyu tunayempiga picha.)

2 Novemba

Shambani kwa mjomba tena. Nilitaka kuonyesha ile habari ya bomba linalovuta, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kukata kitu, kwahiyo tumetumia mmea mmoja mnene wa kutambaa ulio kwenye kijisitu cha mjomba ambao alikuwa anataka kuufyeka. Wazee wanajua, ukiwa na kiu msituni mtambaa mwingine una maji ya kunywa, ila lazima ujue ni upi maana mwingine utomvu wake ni sumu. Mimi kwa kiherehere nikakata chini kwanza. Hakikutoka kitu, matone mawili. Mjomba akacheka, akachukua panga, akaukata mwingine juu kwanza usawa wa mkono wake ulipofika, kisha chini haraka, akakiinamisha kile kipande, maji yakatiririka kikombe kizima.

Sababu ni ileile ya mfuko wa plastiki. Ukikata chini kwanza, majani huko juu bado yanavuta, maji yanakimbilia juu yanakuacha na bomba tupu. Ukikata juu kwanza umekata mvutaji, yaliyomo yanabaki. Mitambaa mabomba yake ni mapana sana ukilinganisha na miti, kwasababu haina haja ya kujibeba, inaegemea wengine, nguvu yake yote inakwenda kwenye kusafirisha. Na hiyo kuegemea ndo barabara ya wanyama, mbega na kima wanapita toka mti mmoja kwenda mwingine juu ya kamba hizo bila kushuka chini kwa chui. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa naye akasema, "Mwalimu, kumbe ni bomba la maji ambalo juu yake pia ni daraja." Nimemwambia hiyo sentensi naichukua na jina lake litakuwa kwenye shukrani.

Mzee mgema alikuwepo pembeni, kasikiliza yote, kauliza: sasa kuna mdudu anayeweza kugema hilo linalovuta? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Yupo. Unajua yale mapovu meupe kwenye vijiti kama mtu katema mate? Ndani kuna mtoto wa mdudu anayenyonya maji ya zailemu. Kazi yake ni ngumu, lazima avute kushinda mvuto wa mti mzima, ndo maana usoni kwake amejaa misuli ya pampu, na anachopata ni maji karibu matupu, chakula kiduchu ndani yake, kwahiyo anakunywa kwa wingi usioaminika na kukojoa muda wote. Wakijaa kwenye mti mmoja mti "unanyesha" jua likiwa linawaka. Livingstone aliwaona Angola kwenye jamii ya mikuyu akashangaa maji waliyotoa usiku mmoja. Mjomba anasema kuna mti wa namna hiyo ulikuwa njia ya kwenda mtoni na watoto walikatazwa kupita chini yake, wakiambiwa una wenyewe. Wenyewe ni hao wadudu bwana.

Na nyenze, wale wanaolia mchana kama mashine ya kuchomelea, nao ni wa bomba hilohilo. Utoto wao wako chini ya ardhi wananyonya mizizi, chakula chenyewe maji matupu, na kukua kwao ni taratibu sana.

3 Novemba

Mpera! Nimesahau kuandika. Juu ya ile pete niliyobandua kumevimba nundu, chini yake pamebaki pembamba vilevile. Majani bado ya kijani kwasababu maji yanapanda kwa ndani kama kawaida, lakini sukari inayoshuka imefika kwenye pete ikakosa njia, ikajaa pale. Mama amekuja kuangalia, akasema, "Kama bomba limezibwa." Haswa mama.

Nimempiga picha yeye akiwa ameshika tawi, itakuwa kwenye ukurasa wa magome, pamoja na mdalasini. Hili watu wa Amani watalielewa mara moja maana wanalima: mdalasini tunaotia kwenye chai ni lile gome la ndani lenyewe, yaani tunakunywa chai ya mtaa wa floemu. Mkulima hachuni shina akaliacha limesimama, anakata matawi, anachuna, kisiki kinachipua tena. Wale wanaochuna pete nzima kwenye miti ya dawa porini, kama ule mti ambao gome lake linatengenezewa dawa ya tezi dume na biashara yake iliwekewa udhibiti wa kimataifa mwaka 1995, wanaua mizizi kwa njaa huku majani bado yanacheka. Mti unachukua muda kufa, ndo maana mtu anaona hajafanya kosa. Na matunda yake ni chakula cha kima na mbega, kwahiyo nao wanakosa.

16 Novemba

Hadubini ya shule imegoma, taa yake imekufa na spea hakuna. Nikatumia lenzi ya kalamu ya leza iliyobandikwa kwenye kamera ya simu, na sio mbaya! Mishipa ya jani inaonekana. Nilitaka kulinganisha jani changa na jani kuukuu la mti mmoja ambao mbega walikuwa wanaula tulipowakuta asubuhi. Walikuwa wanachagua kwa makini kama akina mama sokoni, wanavuta tawi, wananyofoa ncha, wanaacha majani makubwa yaliyo mdomoni kabisa.

Chini ya lenzi tofauti iko wazi. Jani kuukuu mishipa yake ni minene, migumu, inakatika kwa kuvunjika. Changa inakatika kwa kuchanika. Ule ugumu ni lignini, ndo inayojenga kuta za mabomba ya maji yasibonyee yakivutwa, na lignini haimeng'enyeki hata kwa mbega mwenye tumbo la vyumba vyumba na bakteria wake wa kuchachusha. Kwahiyo jinsi jani linavyokomaa na kujiimarishia mabomba, ndivyo linavyokuwa sahani ya misumari. Huko Kibale, Uganda, watafiti walipima na kukuta wingi wa jamii za mbega unaendana na uwiano wa protini na nyuzinyuzi kwenye majani ya msitu husika. Yaani idadi ya mbega, kwa sehemu fulani, iliamuliwa na ugumu wa mabomba. Nimelisoma mara tatu hilo kabla ya kuliamini.

Viwavi nao wana akili yao. Wafugaji wa vipepeo wa Amani wanajua kila kiwavi na mmea wake, na mmoja wao alinionyesha kiwavi aliyetafuna mshipa mkuu wa jani kwenye shina lake, akasubiri, jani likalegea, ndipo akaanza kula upande wa mbele. Mmea ule una utomvu mweupe wa kunata, una mirija yake ya pekee, sio ya maji wala ya sukari ila inafuatana nayo mishipani, kazi yake ni kumgandisha mdomo anayeuma. Kiwavi anafunga koki kwanza halafu anakula. Fundi bomba kabisa.

30 Novemba

Mvua siku nne, sijatoka, nimesoma tu, bando limeisha mara mbili.

Nimesoma habari za Budongo, Uganda, na bado zinanisumbua. Kuna mwale, ule mnazi wa porini wa majani makubwa ambao huku kwetu tunaujua kwa ukili na fito. Sokwe wa Budongo walikuwa wanakula moyo wa mwale uliokufa na kuoza, wakitafuta chumvi. Majani ya msituni chumvi yake ni ndogo mno, mimea mingi haina haja nayo, lakini mnyama hawezi kuishi bila hiyo, na ule mwale uliooza una chumvi nyingi ndani ya shina. Sasa wakulima wa tumbaku wakawa wanakata majani machanga ya mwale kutengeneza kamba za kufungia tumbaku. Mwale una ncha moja tu ya kukua, ukiukata kila mara hauna pa kuanzia. Ikaisha. Na utafiti uliotoka 2024 unaonyesha sokwe, mbega na paa wadogo wakaenda kula kinyesi cha popo ndani ya tundu la mti, kwasababu nacho kina chumvi, na watafiti walipopima kinyesi hicho wakakuta virusi 27 ambavyo havikujulikana, kimoja ni ndugu wa virusi vya korona.

Tazama ilivyozunguka. Kamba ya tumbaku, shina la mwale, chumvi, popo, na tundu la mti, tundu lilelile la kiini kilichooza nililokuwa nalisifia ukurasa wa hondohondo. Nimefikiria sana kama niweke hii kwenye kijitabu cha watoto. Nimeamua naweka, ila bila picha ya kutisha, na bila kumgeuza mkulima wa tumbaku kuwa shetani, maana kamba alizihitaji na mwale ulikuwepo.

Kwa kujiliwaza nimesoma na za Bossou, Guinea, ambako watu wanagema mwale mwingine na kuacha vyombo juu, sokwe wanapanda, wanakunja majani mdomoni wakatengeneza kama sponji, wanachovya, wanakunywa tembo. Watafiti walishawarekodi kwa miaka mingi, baadhi yao wakaonyesha dalili za kulewa. Nimempelekea mzee mgema habari hii na kacheka mpaka kakaa chini. Akasema huku popo na komba wanamwibia, lakini hajawahi kuibiwa na mtu mwenye sponji.

7 Desemba

Safari ya mwisho mwaka huu. Tumepita chini ya misambu, matunda yananing'inia kama mipira ya miguu iliyorefuka, kilo kadhaa kila moja, kwenye kikonyo ambacho ukikiona huamini. Kila gramu ya mafuta ya mbegu zile imepita kwenye kikonyo hicho ikiwa sukari. Likianguka, panya buku anakuja usiku, anabeba mbegu moja moja, anazifukia hapa na pale kama akiba, nyingine anazisahau na zinaota. Muongozaji anasema watu wa kijijini wanaokota mbegu hizo kuuza kwa ajili ya mafuta, na panya buku ni mshindani wao, "tunaamka mapema kumuwahi."

Chini kwenye majani yaliyooza nikamuona chura mdogo kuliko kucha ya kidole gumba, akaruka akapotea. Kuna jamii yao hapa Amani wasiotaga mayai kwenye maji, wanazaa watoto kabisa, na wanachohitaji ni unyevunyevu tu wa sakafu ya msitu. Unyevu huo sehemu yake ni pumzi ya majani juu, maji yaliyopanda kwa mabomba yakatoka hewani. Nikafumba macho kidogo nikajaribu kuyafikiria yote yanayopanda wakati ule kwenye kila shina lililonizunguka, kimya kabisa, bila pampu. Huko Kilimanjaro ulipimwa mkukusu wa mita 81.5, maji yanafika mpaka kileleni kwake. Wakati kuvumwani na mosi (vile vimea vifupi kama zulia) zilizo miguuni pangu, zisizo na mabomba, zinabaki fupi hapohapo zilipo tangu zamani za zamani.

Hali ya kijitabu: kurasa 22 zimeandikwa, 9 zimechorwa. Mwalimu wa sanaa ameahidi kumalizia picha likizoni, ila anataka alipiwe rangi. Ukurasa wa chura sina picha. Ukurasa wa majimoto nina picha nyingi mno.

12 Desemba

Nimempelekea mzee mgema rasimu. Kaifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wake, kauangalia muda mrefu, akaomba kalamu. Kotama tuliyochora imepinda upande usio wake, kasema na kisu cha hivyo mtu atajikata vidole kabla hajafika kwenye karara. Amechora upya mwenyewe pembeni. Naiacha hiyohiyo ya kwake.